Mary Ainsworth: mtafiti aliyefundishwa na akina mama wa Buganda



Ndugu msomaji, sisi tunaosoma falsafa hufundishwa pia saikolojia, na katika kipindi hicho majina huja kwa wingi: Freud, Piaget, Erikson, Bowlby. Wengi wetu huyakariri kwa ajili ya mtihani, kisha huyaacha darasani. Lipo jina moja ambalo sisi wa Afrika Mashariki tungefanya vizuri kutoka nalo nje. Mwenye jina hilo alizaliwa Marekani na akakulia Kanada, lakini jambo lililomfanya ajulikane duniani alianza kuliona vijijini Uganda, sebuleni kwa akina mama wa Kiganda. Anaitwa Mary Ainsworth. Kazi yake ni mojawapo ya nguzo ambazo maafisa ustawi wa jamii wa nchi nyingi huziegemea wanapokabiliwa na swali gumu kuliko yote katika kazi yao: mtoto huyu akae na nani?

Swali hilo hapa Tabora halitoki vitabuni. Chukua mitaa ya Chemchem, katikati ya mji wetu. Msimu wa kilimo ukianza, wazazi wengi huenda kwenye mashamba ya tumbaku, upande wa Urambo, Kaliua na Sikonge. Hukaa huko miezi, na watoto hubaki mjini kwa bibi ili wasiache shule. Wapo pia watoto wanaoshuka na treni ya Reli ya Kati bila mtu wa kuwapokea, wakalala karibu na stesheni. Jirani anamwona mtoto wa miaka mitatu mchafu, analia mlangoni, na bibi yake amekwenda sokoni kuuza mchicha. Jirani anasema huyu hana mama, afadhali apelekwe makao ya watoto akapate uji na kitanda. Mwingine anasema damu ni damu, aachwe kwa bibi hata kama hali. Afisa ustawi mmoja, mwenye kata kadhaa za kuhudumia, anatakiwa aamue. Na sisi mafrateri tunapokuwa kwenye utume wa likizo, watu hutuuliza maoni yetu kana kwamba kanzu nyeupe inatupa jibu. Kwa hiyo tunaomba tumtazame mama huyu na maisha yake, tuone nadharia yake ilitoka wapi na inatusaidia kwa kiasi gani.

Mary Salter alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 huko Glendale, katika jimbo la Ohio, akiwa wa kwanza kati ya mabinti watatu. Alipokuwa na miaka mitano familia ilihamia Toronto. Alikuwa mtoto wa kusoma sana. Akiwa na miaka 15 alikutana na kitabu cha William McDougall kuhusu tabia ya mwanadamu, akashangaa kugundua kwamba mtu anaweza kutafuta ndani ya nafsi yake sababu za anavyohisi na anavyotenda, badala ya kulaumu mambo ya nje tu. Mwaka uliofuata aliingia Chuo Kikuu cha Toronto, na mwaka 1939 akapata udaktari wa falsafa katika saikolojia. Mwalimu wake, William Blatz, alikuwa akifundisha juu ya usalama wa mtoto. Kwa maoni yake, mtoto anayejua kwamba mzazi yupo nyuma yake ndiye anayethubutu kwenda mbele kuujua ulimwengu. Wazo hilo Mary alilibeba maisha yake yote.

Vita vilipokuja, mwaka 1942 alijiunga na Jeshi la Wanawake la Kanada, akafikia cheo cha meja. Baada ya vita alirudi kufundisha. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, na wawili hao wakaenda London, kwa kuwa mume alikuwa anamalizia masomo yake huko. Mary hakuwa na kazi. Akaona tangazo gazetini: kliniki ya Tavistock inatafuta mtafiti wa kuchunguza yanayompata mtoto mdogo anapotenganishwa na mama yake. Akaomba, akapata. Ndivyo alivyoingia katika kazi ya John Bowlby.

Hapa inafaa tueleze kidogo, kwa sababu ndipo saikolojia na ustawi wa jamii vilipokutana. Bowlby alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Mwaka 1944 alichapisha uchunguzi juu ya vijana 44 waliokamatwa kwa wizi, akaonyesha kwamba wale waliokuwa na mioyo migumu kabisa, wasiojali mtu, wengi wao walikuwa wametenganishwa na mama zao kwa muda mrefu wakiwa wadogo. Vita vilikuwa vimeacha Ulaya imejaa watoto wasio na makazi, na Shirika la Afya Duniani likamwomba aandike ripoti juu yao. Ripoti ilitoka mwaka 1951. Ilisema kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa upendo, wa karibu na wa kudumu na mama au na mtu anayeshika nafasi ya mama, na kwamba chakula na usafi peke yake havitoshi. Siku hizi jambo hilo linaonekana la kawaida. Wakati ule zilikuwepo hospitali ambazo mzazi aliruhusiwa kumwona mtoto wake mara moja kwa juma.

Mtu aliyemgusa zaidi Mary pale Tavistock, hata hivyo, alikuwa mhudumu wa ustawi wa jamii, James Robertson, Mskoti. Wakati wa vita Robertson alikuwa akihudumia mitambo ya kupasha joto nyumba ya watoto ya Anna Freud mjini London. Katika nyumba ile kila mfanyakazi, hata wa mitambo, alitakiwa kuandika kwenye kadi alichokiona kwa watoto siku hiyo. Robertson alijifunza kuona kabla ya kueleza. Baadaye alisomea ustawi wa jamii, akakaa saa nyingi wodini akiandika jinsi watoto walivyolia, walivyonyamaza, na jinsi kunyamaza kwao kulivyodhaniwa kuwa ni kuzoea. Mwaka 1952 alitengeneza filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku nane, na ilipoonyeshwa madaktari wengine walikasirika. Lakini ilisaidia kubadili taratibu za hospitali za watoto Uingereza. Mary aliposoma maandishi ya Robertson aliamua moyoni kwamba, akipata utafiti wake mwenyewe, ataufanya hivyo: atakwenda kwa watu, atakaa, ataangalia, ataandika.

Nafasi ilikuja mwaka 1954. Mume wake alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Makerere, Kampala, chini ya mwanaanthropolojia Audrey Richards. Mary alifuata tena bila kuwa na kazi. Richards ndiye aliyemtafutia fedha kidogo za utafiti. Ilikuwa miaka ya wasiwasi Buganda: Kabaka Mutesa II alikuwa amepelekwa uhamishoni na Waingereza mwishoni mwa 1953, na hakurudi hadi Oktoba 1955. Mzungu aliyefika kijijini na daftari hakuwa na sababu ya kutegemea kupokelewa kwa furaha.

Alikuja na swali lililokwisha kutungwa London. Alikuwa amesikia kwamba Waganda wana desturi ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi yake au ndugu mwingine, ili alisahau titi. Kwa mtafiti wa utengano hilo lilikuwa jambo la thamani: angemwona mtoto kabla ya kutengwa na baada ya kutengwa, kisha angepima madhara. Alipofika vijijini alikuta katika familia nyingi desturi ile haishikwi tena. Swali lake halikuwa na watoto wa kulijibu. Wapo watafiti ambao wangebadilisha kijiji. Yeye alibadilisha swali. Badala ya kuuliza mfungamano unavunjikaje, akaanza kuuliza unajengwaje.

Alichagua familia 26 zenye watoto 28 wachanga katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Kwa miezi kama tisa alizitembelea kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila mara, pamoja na mkalimani wa Kiganda, huku mwenyewe akijifunza Kiganda. Alikwenda alasiri, saa ambayo mama wa Kiganda hupokea wageni, akakaa sebuleni kama mgeni yeyote. Hakwenda mikono mitupu: aliwasaidia usafiri wa kwenda kliniki na aliwapatia maziwa ya unga kwa bei ya jumla. Tunalitaja hili kwa makusudi. Tumewaona wachunguzi wa siku hizi wanaofika mtaani na fomu, wakauliza maswali arobaini ndani ya dakika ishirini, wakaondoka, na mama hajui hata walikuwa watu gani.

Aliona nini huko sebuleni? Kwanza, kwamba mtoto si mfuko wa kutiliwa maziwa. Alipotoka London aliamini, kama walivyoamini karibu wote wakati ule, kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama humlisha: njaa ikishibishwa, mapenzi hufuata. Bowlby alikuwa ameanza kusema vingine, akichukua mawazo kutoka kwa wachunguzi wa wanyama kama Konrad Lorenz, na Mary alikuwa na hofu kwamba rafiki yake atajiharibia jina. Vijijini Buganda ushahidi ulimgeukia. Mtoto ndiye aliyekuwa akitenda. Alilia mama alipoinuka, asilie mwingine alipoinuka. Alimtafuta kwa macho katikati ya watu. Alitambaa mpaka mlangoni kuchungulia kuku, akageuka kuhakikisha mama bado yupo, akaendelea. Mgeni alipomtisha alirudi mbio kwenye magoti ya mama. Mama aliporudi kutoka shambani alimpokea kwa kumnyooshea mikono, na watoto wa Kiganda walimpokea pia kwa kupiga makofi. Mtoto huyohuyo aliweza kufungamana pia na baba, au na bibi, au na dada mkubwa, wakati mwingine hata na mtu asiyemlisha kabisa. Hoja ya njaa ikaanguka hapo.

Sisi wa falsafa tunafundishwa na Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba ujuzi wetu huanzia katika milango ya fahamu. Ni rahisi kuikubali sentensi hiyo darasani. Ni vigumu zaidi kwa mtu mwenye udaktari, aliyevuka bahari na nadharia yake, kukubali kwamba mtoto wa miezi tisa ameikanusha.

Jambo la pili aliloliona ni tofauti kati ya watoto. Wengi, 16 kati ya 28, walionekana kuwa na usalama: walicheza, walilia kidogo, walijua mama yuko wapi. Saba walikuwa na wasiwasi, wakilia sana hata mikononi mwa mama. Watano walikuwa bado hawajaonyesha kufungamana. Alipotafuta sababu, jambo lililojitokeza halikuwa utajiri wa nyumba. Wala hakuona kwamba kulelewa na mikono mingi peke yake kunamnyima mtoto usalama. Akina mama wa watoto wenye usalama walikuwa wale walioweza kumweleza mgeni mambo ya mtoto wao kwa undani bila kuulizwa sana: anapenda kulala upande gani, kilio hiki ni cha njaa na kile ni cha usingizi, jana alishtuka kwa sababu gani. Walikuwa wakimsoma mtoto na kumjibu. Ainsworth baadaye aliita sifa hiyo usikivu wa mlezi, yaani kuona ishara ya mtoto, kuielewa, na kuijibu kwa wakati na kwa namna inayofaa. Katika kazi yake yote, hilo ndilo tunaloliona kuwa kubwa kuliko mengine.

Mwaka 1955 aliondoka Uganda kwenda Baltimore, Marekani, alikopata kazi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Miaka iliyofuata haikuwa mepesi. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1960, na watoto aliotamani hakuwapata. Alipowaeleza watafiti wenzake mambo ya Uganda hawakuchangamka. Walimtaka kwanza atoe maana ya huo mfungamano, kana kwamba alichokiona hakipo mpaka kipate tafsiri.

Akaanza upya. Kuanzia 1963 alichagua familia nyingine 26, safari hii za Baltimore, na yeye na wasaidizi wake wakazitembelea kila baada ya wiki tatu katika mwaka wote wa kwanza wa mtoto, kama saa nne kila mara. Watoto wa Baltimore walikuwa wamezoea mama kuingia na kutoka vyumbani, hivyo nyumbani hawakuonyesha wazi kama wa Buganda jinsi wanavyomtegemea. Ndiyo sababu alitunga kile kinachoitwa Hali Ngeni: chumba kisichojulikana chenye vitu vya kuchezea, mama na mtoto wa mwaka mmoja, mgeni anaingia, mama anatoka kidogo, anarudi. Yote huchukua kama dakika ishirini. Tazamio lilikuwa juu ya kilio cha mama kutoka, lakini fundisho kubwa lilikuja mama aliporudi. Watoto wengi walimkimbilia, wakatulizwa, wakarudi kucheza. Wachache walimng'ang'ania huku wamekasirika, wasitulizike. Na wengine walimpita kama hawamjui. Watu wangewaona hawa wa mwisho kuwa ndio watoto jasiri, waliokwisha kujitegemea. Kumbukumbu za nyumbani zilisema vingine: hawa walikuwa wamejifunza mapema kwamba wakimwendea mama watakataliwa.

Kutoka Baltimore ulitoka pia uchunguzi wa mwaka 1972, aliouandika na Silvia Bell, ulioonyesha kwamba watoto ambao vilio vyao vilijibiwa haraka katika miezi ya kwanza walilia kidogo zaidi mwisho wa mwaka. Wataalamu wengine waliupinga, wakisema kumjibu mtoto anayelia ni kumfundisha kulia. Bibi zetu wa Kinyamwezi wangecheka. Nyumba yenye kichanga hapa kwetu, mtoto akilia mara mbili bila kubebwa, jirani anauliza kuna nini.

Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na kile cha Baltimore, alichokiandika na wanafunzi wake, mwaka 1978. Wakati huo alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Virginia.

Sasa turudi kwenye swali la Chemchem. Nadharia ya mfungamano imeingia katika kazi ya ustawi wa jamii kwa mlango mpana. Kwa sababu yake nchi nyingi zilianza kufunga nyumba kubwa za yatima na kutafuta familia za malezi ya kambo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania haimtaji Ainsworth, lakini inapoweka mbele maslahi ya mtoto na haki yake ya kuishi na wazazi au walezi wake, inatembea njia hiyo hiyo. Makao ya watoto ni mahali pa kukimbilia pale familia inaposhindikana. Hayakuwekwa kuwa dawa ya umaskini. Katika makao yenye watoto wengi na watumishi wachache wanaobadilishana zamu, mtoto wa miaka miwili anaweza kushiba, akaoga, akavaa vizuri, na asiwe na mtu hata mmoja anayejua kilio chake. Tunasema hivi tukiwaheshimu sana masista na walezi wanaojitoa mchana na usiku katika nyumba hizo. Wao wenyewe ndio wa kwanza kusema mikono haitoshi.

Lakini nadharia hii ina upande wa pili, na tukiunyamazia tutakuwa tumewadanganya wasomaji. Chombo kilichotungwa kwa ajili ya utafiti kimeshikwa na watu wenye haraka. Huko Ulaya na Amerika wamekuwepo maafisa waliomtazama mtoto na mzazi kwa kitambo kifupi ofisini, wakaona mtoto hakumkimbilia mzazi, wakaandika kwamba mfungamano hauna usalama, na maneno hayo yakafika mahakamani. Mtafiti Mjerumani Heidi Keller, aliyefanya kazi miongoni mwa Wanso wa Kameruni, amelalamika kwa nguvu kwamba nadharia imechukua mama mmoja na mtoto mmoja wa tabaka la kati la Magharibi, ikawafanya kipimo cha dunia nzima. Kwa Wanso, kama kwetu, mtoto ni wa wengi, na mtoto anayetulia mikononi mwa mgeni anasifiwa kwa malezi mema. Ukimpima kwa Hali Ngeni bila kujua hilo utamwona mgonjwa.

Lawama ya Keller ina ukweli, ila tunaona inawaangukia zaidi waliotumia chumba cha Baltimore na kusahau sebule za Buganda. Huko vijijini Ainsworth alikwisha kuona bibi, shangazi na dada wakilea, na hakuwaita tatizo. Mwaka 2021 watafiti 70 wa nadharia hii walitoa tamko la pamoja kuhusu matumizi yake mahakamani. Walitahadharisha kwamba vipimo vya utafiti havifai kumhukumu mtoto mmojammoja. Wakasisitiza kwamba mtoto anahitaji walezi anaowafahamu, kwamba malezi ya kutosha yanayoendelea bila kukatwakatwa yana thamani kubwa, na kwamba kuwa na walezi kadhaa waliofungamana naye ni faida kwake. Bibi wa Chemchem anayeuza mchicha anaweza kulisimamia tamko hilo bila aibu.

Basi afisa afanye nini mlangoni kwa bibi huyo? Kwa jinsi tulivyomwelewa Ainsworth, aje alasiri, aketi. Arudi tena wiki ijayo, kama kazi inamruhusu. Amwombe bibi amsimulie habari za mjukuu wake, kisha anyamaze asikilize: je, bibi anamjua? Anajua anachokiogopa usiku, anajua alianza lini kukohoa? Mtoto akianguka anamkimbilia nani? Bibi akirudi kutoka sokoni mtoto anafanya nini? Aulize wazazi huja lini kutoka mashambani, na wakija mtoto huwapokeaje. Uchafu wa nguo unafuliwa kwa sabuni. Kama pengo ni chakula, hilo ni suala la kanda zetu, Jumuiya Ndogondogo na Karitasi, tena ni suala la aibu yetu tukishindwa kupeleka debe la mahindi na kuona ni rahisi zaidi kumhamisha mtoto. Na kama afisa ataona mtoto anamwogopa bibi yake, ana makovu, hamkimbilii mtu yeyote, basi damu isitumiwe kumfungia mtoto huyo ndani. Hapo ahamishwe, tena upesi, na apewe mtu atakayekaa naye.

Wapo watakaouliza: na yule aliyekwisha kupoteza wote? Mji wetu una kumbukumbu ya watoto kama hao. Njia ya misafara iliyopita hapa, ambayo wazee wanaionyesha kwa miembe, ilipitisha watoto waliotekwa ambao hakuna aliyehesabu vilio vyao. Wasomaji wa ukurasa huu wanamkumbuka Adrian Atiman, aliyetekwa akiwa mtoto karibu na mto Niger, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria, akasomea utabibu Malta, kisha akawatibu watu wa Karema tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Nadharia ya mfungamano ikisomwa kama hukumu, mtu kama Atiman angepaswa kuharibika kabisa. Ikisomwa vizuri inatufanya tuulize ni nani waliokuwa naye baada ya kukombolewa, na kwa muda gani.

Mary Ainsworth alistaafu mwaka 1984 na kufariki tarehe 21 Machi 1999 huko Charlottesville, Virginia, akiwa na miaka 85. Wanafunzi wake, akiwemo Mary Main, waliendeleza kazi hiyo kwa watu wazima na kwa watoto walioteswa. Watoto 28 wa Buganda, walio hai kati yao, leo wamepita miaka sabini. Yawezekana baadhi ni mabibi, na wanalea wajukuu.